TAHARIRI: KAZI HAINUNULIWI

Ndugu wanachama,

Juzi mama mmoja, mwanachama mwenzetu, alikuja ofisini kulipa awamu ya kwanza ya mkopo ambao haukumfaa kitu. Alichukua shilingi 150,000 kwa ajili ya mwanawe. Kijana alikuwa ameona tangazo kwenye simu: walinzi wanatakiwa Dar es Salaam, mshahara 900,000 kwa mwezi, uzoefu si lazima, nafasi zimebaki 4. Akapiga. Akaambiwa atume hela ya fomu, halafu ya sare, halafu ya kupimwa afya. Alipomaliza kutuma, simu ikazimwa mpaka leo.

Wapo wanaosema kijana ana tamaa. Tunakataa. Kutafuta kazi si tamaa. Tena tuseme wazi: kamati ilitoa mkopo ule bila kuuliza hata swali moja. Hilo ni kosa letu, na tunajikosoa hapa hapa ukutani.

Basi tuwatambue hawa kupe wapya.

Kwanza, mwajiri ndiye anayelipa. Ukiombwa hela kabla ya kazi, iwe ya fomu au ya "chai ya bosi", hapo hakuna kazi. Hata nafasi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma haziombwi kwa kulipia.

Pili, pima mshahara. Waulize wenzetu waliowahi kulinda mjini walilipwa ngapi.

Tatu, jina la kampuni kubwa si ushahidi; matapeli huazima majina. Usiipigie namba ya kwenye tangazo. Itafute ya kampuni yenyewe kwingine, uulize.

Nne, ogopa haraka. "Mwisho leo saa 10" maana yake ni kwamba hawataki upate muda wa kuuliza.

Tano, mabinti wanaoahidiwa kazi za ndani Uarabuni: wakala aonyeshe leseni ya serikali, na mkataba usomwe kabla ya safari. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa kwa sheria ya mwaka 2008.

Aliyekwisha kuibiwa asione haya. Atunze meseji, aende polisi, na namba ya tapeli aitume kwenda 15040.

Kuanzia sasa, anayeomba mkopo wa kwenda kazini alete tangazo ofisini. Katibu atapiga simu mbele yake, bure. Na kuhusu mama yetu, kamati italeta mkutano mkuu pendekezo kwamba riba yake isamehewe. Njooni tuamue pamoja. Hela ile ilikuwa jasho letu sote.

Mwizi wa zamani alivunja mlango. Huyu wa leo anatusubiri tumfungulie wenyewe. Tusimfungulie.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Gazeti la Ukutani