Waacheni Wakosee: Maneno kwa Walimu na Wazazi wa Shinyanga na Geita

Kila Januari tunafanya jambo moja ambalo tumelizoea hata hatulishangai tena. Tunamchukua mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ambaye nyumbani kwao husemwa Kisukuma toka alfajiri hadi watu wanapolala, tunamshonea sare ya kidato cha kwanza, kisha tunamwambia kwamba kuanzia leo baiolojia, jiografia na hesabu atazisikia kwa Kiingereza. Zipo shule zinazompa wiki chache za maandalizi, na zipo ambazo hata wiki hizo huliwa na usajili na kufyeka nyasi. Akinyamaza darasani tunasema ni mzito. Akiendelea kunyamaza tunamtafutia fimbo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nimefundisha shule za kata upande wa Kahama na upande wa Geita, na ninalotaka kuwaambieni walimu wenzangu, nanyi wazazi, ni kwamba kimya kile kinatokana na hofu, na hofu yenyewe tumeifundisha sisi, tena kwa bidii kuliko tulivyofundisha sarufi. Mwalimu anayetaka vijana wa miaka kumi na minne waseme Kiingereza hana budi kwanza kuwapa ruhusa ya kukikosea hadharani, mbele ya wenzao, bila kuchekwa wala kuchapwa.

Atakayebisha na aende sokoni Katoro jioni. Atamkuta mwanafunzi yuleyule tuliyemwita bubu anauza maji na mahindi ya kuchoma, anahama kutoka Kisukuma kwenda Kiswahili kwa kumwangalia mteja usoni tu, anawatania Waha waliotoka Kigoma kwa maneno ya kwao, na chenji haimpotei. Maeneo ya wachimbaji wadogo, kuanzia Nyarugusu na Rwamgasa hadi Mwakitolyo, yamejaa watu wa kila pembe ya nchi, na watoto wanaokulia huko hupata lugha mbili tatu ambazo hakuna aliyewaandikia ubaoni. Walizipataje? Walikosea, wakarekebishwa na mteja mwenye haraka, wakaendelea kuuza.

Najua yupo msomaji atakayesema kosa ni la sera, na hoja yake ina uzito. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza kiendelee hadi sekondari na juu zaidi, na Serikali haikukubali. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wameandika kwa miaka mingi kwamba kukifundisha Kiingereza vizuri kama somo ni jambo moja, na kukitumia kufundishia masomo yote ni jambo jingine kabisa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilionekana kufungua mlango; mapitio yake ya mwaka 2023 yamekibakiza Kiingereza sekondari. Mimi nipo upande wa akina Qorro, wala sifichi. Lakini mtoto aliyekaa mbele yangu Jumatatu asubuhi hawezi kungoja mjadala huo umalizike, na anayedhani kwamba kubadili lugha ya fizikia kutaondoa hofu ya Kiingereza peke yake, na awatazame Wajapani.

Wajapani hufundisha fizikia, historia na kila kitu kwa Kijapani, na nchi yao haikudidimia. Hata hivyo Kiingereza wanakitaka, na tangu mwaka 1987 wana mpango uitwao JET wa kualika vijana kutoka nchi za nje kwenda kusaidiana na walimu wao wa Kiingereza. Wengi wa wageni hao husimulia jambo moja: darasa kimya, wanafunzi wanaojaza mapengo ya sarufi kwenye karatasi bila taabu, lakini wakiulizwa jana walikula nini, vichwa vinainama. Hao wana vitabu na wana umeme. Basi tusilitupie umaskini lawama yote. Kijana wa umri ule, awe Osaka au Bukombe, anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa sifuri, na mwalimu asiyelijua hilo atafundisha kuta.

Tofauti ni kwamba sisi juu ya aibu hiyo ya ujana tumeongeza adhabu. Bado zipo shule ambako aliyesikika akisema Kiswahili uwanjani huvishwa kibao shingoni, akizunguka nacho akimtafuta mwenzake wa kumrithisha. Jioni wote waliokivaa hupanga foleni kwa mwalimu wa zamu. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataja makosa makubwa ya nidhamu, zinaweka kikomo cha viboko vinne, na zinataka mkuu wa shule achape yeye au aidhinishe. Tangu lini kusema lugha ya Taifa katika ardhi ya Tanzania kukawa kosa kubwa la nidhamu? Na tazameni faida tunayopata. Mtoto hasemi Kiingereza zaidi. Anajifunza kutosema chochote mwalimu akiwa karibu. Wenye busara zaidi huhamia nyuma ya choo, wakaongee huko.

Sasa nieleze yanayofaa, kama nilivyoyaona.

Hali ya kutendwa huwa mlima kwa kidato cha pili. Kitabu kinasema barua iliandikwa na John, na hakuna darasani anayemjua John wala anayengoja barua yake. Siku moja niliweka kitabu kando nikawauliza, kwa Kiswahili, dhahabu hutokaje kwenye jiwe. Darasa likafumuka. Jiwe huvunjwa, likapelekwa karasha likasagwa; unga huoshwa mwaloni; zebaki huchanganywa; donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa mpaka ibaki dhahabu. Wakashangaa kugundua kwamba walikuwa wanaitumia hali ya kutendwa siku zote. Tukaanza kuhamisha sentensi moja moja kwenda Kiingereza. Kijana mmoja wa safu ya nyuma, mtoro sugu, akasimama kumbishia mwenzake aliyetanguliza zebaki kabla ya kuosha. Kiingereza chake kilikuwa kibovu mno, kimekatika miguu na mikono, lakini hakuna aliyecheka, maana kila mtu alitaka kujua nani yuko sahihi. Nikayaandika maneno yake ubaoni kama alivyoyasema, kisha darasa zima likayanyoosha.

Mpangilio ule kijana yule hakuupata kwenye kitabu; aliupata machimboni. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya Tanzania, yakiwamo ya Geita na Kahama, na wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Sisi tunaofundisha huku hatukuhitaji ripoti. Tunawaona kwenye kitabu cha mahudhurio. Kwa hiyo somo lililofuata lilihusu mji wa Minamata, huko huko Japani, ambako kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ukatambuliwa rasmi. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unabeba jina la mji huo. Niliiandika habari hiyo kwa Kiingereza chepesi, aya tatu tu. Wanafunzi ambao hawakuwahi kuniuliza swali wakaanza kuuliza: je, moshi wa zebaki ni hatari kama samaki? Anayechomea jikoni, mtoto wa ndani anapona? Walihangaika kutafuta maneno, wakachomeka ya Kiswahili pale ya Kiingereza yalipokosekana, nami nikayapokea yote. Kijana mwenye swali la kweli husahau aibu.

Walimu wa masomo mengine mnanielewa vibaya mkidhani nawaombea ruhusa ya kufundisha kwa Kiswahili kisha kuandika nukuu za Kiingereza za kunakiliwa. Hilo ndilo tunalofanya sasa, na ndilo linalowafanya watoto wakariri madesa wasiyoyaelewa. Eleza usanisinuru kwa Kiswahili, ndiyo, mpaka mtoto aelewe jani linafanya nini. Kisha rudi kwenye Kiingereza, mpe maneno matano ya lazima, na yeye mwenyewe akueleze kwa kinywa chake kabla ya kuandika. Na kabla ya kumsimamisha mbele ya darasa lililojaa hadi dirishani, mwache amweleze kwanza jirani yake wa dawati. Dakika mbili za minong'ono hiyo zimenipa majibu mengi kuliko vitisho vya mwaka mzima.

Isitoshe, tuko Usukumani, nchi ya mashindano. Nani huku hajasikia habari za Bagika na Bagalu, vikundi vya ngoma vinavyoshindania watazamaji baada ya mavuno? Vijana wetu wamezaliwa katika utamaduni wa kujibizana kwa nyimbo na mbwembwe, halafu tunawapa mdahalo wa Ijumaa wenye wasemaji wanne waliokariri hotuba, huku waliobaki wanasinzia. Gawanyeni darasa kambi mbili. Alama zihesabiwe kwa waliosema, si kwa waliopatia, na kila kambi iwe na mashabiki. Wasichana, ambao kwa kawaida hungoja wavulana wamalize, nimewaona wakinyanyuka kutetea kambi yao kabla sijawaita.

Lipo pia suala la fedha, ambalo haliko mikononi mwa mwalimu. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni za uchimbaji zinatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Mengi yamejengwa kwa njia hiyo huku kwetu, nami nimefundisha chini ya bati jipya nikashukuru. Lakini bati hupigwa picha siku ya uzinduzi, na kitabu cha hadithi hakipigwi picha na mtu. Lugha huingia kwa kusoma mengi yaliyo mepesi, na shule nyingi za kata zina vitabu vya kiada vya kugawana na hakuna hata rafu moja ya hadithi fupi ambazo mtoto anaweza kuzimaliza mwenyewe akajisikia ameshinda. Masanduku machache ya vitabu hivyo ni bei ndogo sana ukilinganisha na darasa moja la matofali.

Wazazi, wengi wenu mnaniambia kwamba hamuwezi kusaidia kwa sababu Kiingereza hamkijui. Wenye uwezo kidogo mnakimbilia shule za mchepuo wa Kiingereza zenye basi la njano, na siwalaumu. Nanyi mliobaki mna kazi mnayoiweza. Mwambieni mtoto awasomee ukurasa mmoja, kisha awasimulie kwa Kisukuma. Asipoweza kusimulia, njooni shuleni mtuulize sisi. Na diwani wenu atakaporudi kuomba hoja za kupeleka kwenye kikao cha bajeti, mwulizeni kwa jina la shule yenu: mwaka huu vitabu vya hadithi vimetengewa shilingi ngapi?