Kabla ya Kupanua Mgodi, Yaulizwe Maji

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Machi 1973, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Lofthouse, karibu na mji wa Wakefield kaskazini mwa Uingereza, wachimbaji waliokuwa wakisogeza mbele ukuta mpya wa makaa walijiwa ghafula na maji yaliyokuwa yamelala tangu karne ya 19 ndani ya mashimo ya kale yaliyoachwa, nayo yakajaza njia za chini kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kuuliza yatokako. Watu saba walipotea. Waokoaji walihangaika siku sita, na katika wale saba alipatikana mmoja tu, naye ni maiti.

Linalouma katika kadhia hii ni daftari kuliko maji yenyewe. Wapimaji wa mgodi waliyakinisha kwamba mashimo yale ya kale hayakufika kina walichokuwa wakichimba wao, ilhali katika hazina ya idara ya jiolojia ya nchi ile ile yalikuwako maandishi ya zamani yenye kuonyesha kwamba yalifika. Mwaka 1979 ikatungwa sheria mahususi ya kuhadhari mafuriko migodini, yaani miaka sita baada ya maiti, jambo ambalo serikali nyingi hulihesabu kuwa ni haraka. Na bado, mwezi Julai 2002, huko Quecreek katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, wachimbaji tisa walitoboa mgodi wa jirani uliokwisha kufungwa na kujaa maji, kwa kuwa ramani waliyoitegemea haikuwa ile ya mwisho. Hao, alhamdulillahi, walitolewa wote hai kupitia tundu lililopekechwa kutoka juu, baada ya kukaa chini saa zaidi ya 77.

Basi mas'ala yaliyo mbele yetu ni haya: mwenye mgodi akiomba ruhusa ya kuupanua, je, uchunguzi wa maji ya chini ya ardhi uwe sharti la kupewa ruhusa hiyo, au uwe kazi ya kufanywa hatua kwa hatua huku makaa yakitolewa? Wanaopendelea njia ya pili wana hoja, na si insafu kuidharau. Husema kwamba mwamba haujulikani mpaka uchimbwe, kwamba kila tundu la uchunguzi ni mali, na kwamba vijana wanaongoja ajira hawali taarifa za wataalamu. Hoja ya kwanza ni kweli nusu. Ni kweli kwamba hata mgodi uliochunguzwa vizuri hauna budi kupekecha mbele ya ukuta wa makaa kadiri unavyoendelea. Lakini kupekecha huko humwambia mchimbaji yaliyo mita chache mbele yake, hakumwambii kama mahali pale palistahili kuchimbwa toka mwanzo. Na maji hayana subira ya kufundishwa: safu ya maji yenye kimo cha mita 100 huelemea kila mita mraba ya mwamba kwa uzito wa tani 100, na boriti haijui kubishana na uzito huo.

Uchunguzi wenyewe si uganga. Huanza ghalani, kwa kusoma ramani na madaftari ya waliotangulia. Ukatoka nje, kwa kuhesabu visima na chemchemi na kuwauliza wazee wa pale ni ipi hukauka na mwezi gani. Kisha ndipo mashimo yapekechwe, pampu ivute maji ya shimo moja kwa siku kadhaa, na watu watazame kama maji ya mashimo ya jirani yanashuka. Mpimaji huteremsha utepe ndani ya shimo, na ncha yake igusapo maji kengele ndogo hulia juu. Huandika namba, akafunga kifuniko, akaenda zake, akarudi wiki ya pili. Kazi hii haina haiba, wala haiwezi kuharakishwa, kwani namba za kiangazi pekee hazisemi lolote juu ya masika. Kwa rai yangu, taarifa isiyopitia angalau mwaka mzima wa mvua na jua isipokelewe, hata ikiwa na picha za rangi kiasi gani.

Ila kuna taksiri nyingine isiyotajwa sana. Aghalabu ofisi ya migodi huuliza kama maji yatawadhuru walio chini, na ofisi ya maji huuliza kama mgodi utawadhuru walio juu, kana kwamba ni maji mawili. Mwezi Februari 2021 tume huru ya mipango ya jimbo la New South Wales, Australia, ilikataa maombi ya kupanua mgodi wa Dendrobium, uliomo chini ya vyanzo vya maji vya mji wa Sydney. Huko makaa hutolewa kwa upana na paa kuachwa lianguke nyuma ya wachimbaji, nyufa zikapanda juu na kunywa vijito na vinamasi. Na kinamasi kilichopasuka chini hakishonwi. Ufa ule ule unaomnyima maji mwanakijiji ndio mlango wa maji kumwingilia mchimbaji. Basi na waulize pamoja, katika taarifa moja, kabla ya ruhusa. Gharama ailipe mwombaji, lakini mchunguzi awe chini ya amri ya wengine.

Kwetu jambo hili si la ghaibu. Mgodi wa Kiwira, kusini magharibi mwa Tanzania, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980, ni wa chini kwa chini, nao ulipata kusimama miaka kadhaa. Mito ya pande zile, Kiwira na Songwe, huteremka Ziwa Nyasa, na Songwe ni mpaka wetu na Malawi. Mgodi ukikaa bila pampu hujaa. Na makaa mengi yamechanganyika na madini ya chuma na salfa ambayo, yakikutana na hewa na maji, hutoa asidi na kutu nyekundu inayotiririka hadi kijitoni. Vyumba vinavyochimbwa leo, siku moja vitakuwa mashimo ya kale ya watu wengine. Ramani ya mwisho ya vyumba hivyo, yenye tarehe na kina, iwekwe mahali ambapo mpimaji wa mwaka 2070 ataikuta asubuhi ya kwanza ya kazi yake, bila ya kuomba ufunguo kwa mtu.