Mnyama wa fiksi yupo Rungwe, tena ana panki!

  Wiki hii tuyaweke kando mapenzi na mavazi. Leo tunazua mnyama.

Usicheke. Huko Marekani kuna mchezo wa mezani unaitwa Dungeons & Dragons, ulianza kuuzwa mwaka 1974. Watu wanaizunguka meza, kila mmoja anajifanya shujaa au mchawi, dadu zinarushwa, na mwendesha mchezo anawaletea madude ya ajabu wapambane nayo. Mwaka 1977 kikatoka kitabu kizima cha madude hayo, kila moja na umbo lake, tabia zake na mahali linapoishi. Watu wazima na ndevu zao wanatoa pesa kununua wanyama ambao hawapo!

Haya, na sisi tuzue wa kwetu. Chukua kima mkubwa. Mpake uso mweusi tii. Mvalishe manyoya marefu ya kahawia, maana tutampeleka kwenye baridi. Mashavuni mpe ndevu ndefu. Kichwani msimamishie nywele wima, panki la nguvu ambalo kinyozi wa mjini angelitoza bei mbaya. Tumbo na ncha ya mkia vipauke. Sauti isiwe ya kima wa kawaida: mpe mbweko mzito, kama honi ya basi linaloondoka stendi ya Tukuyu huku wewe bado unanunua ndizi. Makazi yake yawe juu milimani, kwenye ukungu na mvua isiyojua likizo.

Umemaliza? Hongera, lakini umechelewa. Huyo mnyama yupo, anaishi Mlima Rungwe, na jina analo zamani: kipunji.

Sasa sikiliza mkasa wenyewe. Mwanzoni mwa 2003, watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu wanyama wa misitu ya huku. Katika mazungumzo likawa linajitokeza jina la kipunji, kima mwenye aibu ambaye haonekani ovyo. Watafiti wakabaki njia panda. Si unajua tena Wanyakyusa kwa hadithi? Ukikaa na wazee jioni, watakutajia wanyama wa msituni wa kweli na wa mizimu kwa pumzi moja. Sasa huyu kipunji ni wa kundi gani? Ni nyama na mifupa, au ni fiksi?

Jibu halikuja haraka. Msitu wa Rungwe una miteremko mikali na ukungu mzito, na mnyama mwenyewe hana shida ya kujulikana. Walimwona kwa kuibia mwaka huohuo, na mpaka Desemba 2003 ndipo walipomwangalia vizuri wakasema naam, huyu hayupo kwenye kitabu chochote. Mwaka 2004 kundi lingine la watafiti, akiwemo Trevor Jones, likamwona mnyama huyohuyo kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, umbali wa kilomita kama 350 kutoka hapa. Wala makundi hayo mawili hayakuwa yakijuana kwa jambo hilo! Walipokuja kugundua kwamba wanafukuzia mkia mmoja, wakaungana. Mei 2005 jarida la Science likamtangaza duniani, na katika waandishi saba wa taarifa ile walikuwemo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga.

Basi bwana, kelele zikaanza. Wataalamu wengine wakahoji: mnasajilije mnyama kwa picha tu, mwili uko wapi? Mwaka huohuo kipunji mmoja dume, bado mdogo, akanasa kwenye mtego wa mkulima ndani ya shamba la mahindi, akafa. Akapelekwa mpaka Field Museum, kule Chicago, akapimwa mifupa na vinasaba. Mwaka 2006 matokeo yakatoka: ni ndugu wa karibu wa nyani, lakini ana jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Yaani jina la mlima wetu limeingia kwenye orodha ya viumbe vya dunia! Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Babu yako alikuwa hajanunua hata baiskeli.

Kijiweni kwetu kuna jamaa hawakubali. Mmoja anasema wazungu wamegundua, wazee wetu walikuwa wamelala. Mzee mmoja aliyekuwa anangoja mvua ikatike akamjibu taratibu, "Mjukuu wangu, mgeni hakugundua. Alionyeshwa." Kijiwe kizima kimya.

Mimi naona wote wawili wana chao. Mzee alikuwa na jina, mtafiti alikuwa na daftari, na bila mmoja mwingine asingefika. Tena si kila hadithi ya wazee ina mkia. Mwaka 1995 Zanzibar watu walilala nje kwa woga wa Popobawa, na hakuna aliyewahi kumpeleka Popobawa Chicago. Tofauti ni kwamba hadithi ya kipunji ilikuwa na msitu wake ambao mtu angeweza kwenda kuukagua, na walipatikana watu waliokubali kulowa.

Lakini kinachoninyima usingizi ni hesabu. Sensa ya kwanza, iliyotolewa 2008, ilikuta kipunji 1,117 tu, dunia nzima! Hao ni wanafunzi wa shule moja kubwa ya sekondari, wanajaa kwenye mstari wa asubuhi. Sasa fikiria miti ingekatwa kwa kasi zaidi kidogo, mikaa ikachomwa, mitego ikaongezwa, halafu watafiti wakaja miaka ishirini baadaye. Wazee wangewasimulia vilevile: panki, mbweko, mkia. Wangezunguka mlima mzima wasimwone. Wangeandika kwamba ni hadithi ya kale, na sisi vijana tungekula kiapo kwamba hakuwahi kuwepo. Kipunji ilibaki kidogo tu ageuke fiksi kweli.

Habari njema ni kwamba mambo yamesogea. Kitulo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, na hesabu iliyorudiwa baadaye ilikuta kipunji karibu 2,000. Kazi haijaisha. Njia ya msitu ya Bujingijila, inayounganisha Rungwe na misitu ya Livingstone, ni nyembamba, na ikikatika kipunji wa huku na wa kule hawataoana tena. Na tusimlaumu mkulima bila kumsikiliza. Kipunji akishuka anakula mahindi, na mahindi yale ndiyo ada ya mtoto. Anayetaka kipunji aishi sharti ajue pia mwenye shamba atakula nini.

Wewe kijana wa mjini, ukienda kijijini sikukuu hii, usiishie kutafuta chaji ya simu. Kaa na bibi au babu, muulize majina ya ndege, ya miti, ya wanyama aliowaona utotoni. Andika. Mengine yatakuwa fiksi, utacheka. Lakini huenda moja linangoja mtu wa kwenda kuangalia, na mzee analolijua ana miaka themanini.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na kinyozi akikuuliza unataka mtindo gani, mwambie kipunji!