Kipimo Kimoja Hakitoshi

Katika madarasa mengi ya sayansi mwanafunzi hupima mara moja, huandika tarakimu, na mwalimu humwekea alama ya vema. Maoni yetu ni kwamba desturi hiyo humfundisha mtoto kusoma rula, lakini haimfundishi kupima.

Na tutazame kazi ya maabara ya SLAC, huko California, Marekani. Mwaka 2007 wanasayansi wake walijaribu kianzio cha mashine ndefu ikimbizayo elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Mwanga wa leza hupiga shaba, elektroni zikatoka kwa mafungu, zikasukumwa mbele. Fungu likiharibika hapo mwanzoni, mashine kama hiyo iliyonyooka haiwezi kulirudishia ubora wake. Ndiyo sababu hupimwa mapema.

Je, hupimwaje? Yawezekana kuweka kiwambo king'aacho kikipigwa na elektroni, kisha kupima upana wa doa. Lakini doa dogo laweza kuwa la fungu jema, ambalo elektroni zake husafiri pamoja. Au la fungu baya lililobanwa mahali pale tu, ambalo mbele kidogo litasambaa. Kwa hiyo wapimaji hubadili nguvu ya sumaku iliyo kabla ya kiwambo, hupima doa tena na tena, na kutokana na vipimo vyote hukokotoa upana na mtawanyiko kwa pamoja. Jawabu hilo huitwa emitansi. Mwaka 2009 mashine hiyo ilitoa leza yake ya kwanza ya eksirei.

Somo hili halihitaji mashine. Mwalimu na achukue tochi mbili zisizofanana. Wanafunzi wapime upana wa doa la kila tochi ukutani kwa umbali wa sentimita 20, kisha 40, kisha 80, wakibashiri kabla ya kila kipimo. Madoa yaweza kulingana mahali pamoja, yakaachana mbali zaidi. Hapo ndipo waulizwe: tochi ipi hutawanya mwanga zaidi, na twajuaje?

Watakuwapo wasemao kwamba kipindi ni kifupi na muhtasari ni mrefu. Ni kweli. Hata hivyo, afadhali kitu kimoja kilichopimwa kikaeleweka kuliko vitano vilivyoandikwa tu daftarini. Tena mwalimu aliyezoea kupima hivyo hatafanya haraka kumhukumu mtoto kwa jaribio moja.