Tuifungulie Daftari Barabara ya Morogoro

Barabara ya Morogoro inaanzia hatua chache kutoka bandari ya Dar es Salaam. Inapita Kisutu, inakatana na Barabara ya Bibi Titi Mohamed, inafika Fire, inateremka Jangwani kuvuka Mto Msimbazi, kisha inapanda Magomeni na kushika safari ya bara, hadi njia hiyo kuu inapokoma kwa upande wetu pale Tunduma, mpakani na Zambia. Vitunguu na nyanya zinazoshushwa Kariakoo alfajiri, na vitenge vinavyofungwa marobota kupelekwa Mbeya, Lusaka na Lubumbashi, vyote vinaijua njia hii. Hata hivyo, kijana anayetaka kuisoma historia yake hana mahali pamoja pa kwenda. Habari zake zimetawanyika katika masanduku ya wajane, katika droo za maduka, katika kanda za kaseti zinazoota ukungu na katika vichwa vya wazee ambao kila mwaka wanapungua. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kuzikusanya ni yetu sisi, wakazi na wafanyabiashara wa kata zinazoizunguka barabara hiyo mjini, na kwamba chombo cha kuifanyia tunacho: hifadhi ya kidijitali ya wananchi, inayopokea nakala na kumwachia mwenye mali karatasi yake.

Tuangalie kwanza ni kitu gani kinachohatarishwa. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia ya Kusini, na Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia za kusini kwa mafuta na kwa kusafirisha shaba yake, ikajikuta imebanwa koo. Pumzi yake ikatafutwa Dar es Salaam. Mapipa ya mafuta yalipakiwa kwenye malori kuelekea kusini-magharibi, na shaba ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Barabara wakati huo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na kwa wingi wa ajali zake ikapewa jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 nchi hizi mbili zilianzisha kampuni ya malori ya pamoja; bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likafunguliwa mwaka 1968; reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakamilika mwaka 1975; na barabara yenyewe ikajengwa upya kwa lami. Mikataba ya marais, mikopo na hesabu za wahandisi zimehifadhiwa, na wasomi wa nchi za mbali wameziandikia vitabu. Lakini dereva aliyekaa wiki nzima amenasa kwenye tope akilinda mapipa yasiibwe, utingo wake aliyelala chini ya bodi, mama aliyewapikia ugali, fundi aliyechonga kipuri kwa tupa kwa sababu dukani hakikupatikana: hao ndio waliovunja kizuizi cha Smith kwa mikono yao, na majina yao hayamo kwenye mikataba.

Historia ya barabara hii ndani ya mji nayo ni nzito vilevile. Mabasi ya mikoani yamehamishwa kutoka Kisutu na Mnazi Mmoja hadi Ubungo, na mwaka 2021 yakaenda Mbezi Luis. Usafiri wa abiria umetoka kwenye mabasi ya UDA, ukaingia kwenye daladala zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1983, na tangu Mei 2016 ukashikwa na mfumo wa mabasi ya mwendokasi, ambao kwa kupita kwake kwenye Barabara ya Morogoro uliziondoa daladala zilizokuwa zikiitawala. Kila uhamisho huo ulikuwa na sababu zake, na mwingine ulikuwa na faida iliyo wazi. Lakini kila mara kituo kinapohamishwa, wanahama nacho wapiga debe, wauza magazeti, wenye vibanda na nyumba za wageni, na riziki yote iliyokuwa imejengeka hapo inabaki katika midomo ya walioishi nayo. Kariakoo yenyewe imebadilika kiasi kwamba nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati na ua nyuma, ambazo ndizo zilizokuwa mtaa, sasa zinahesabika. Ghorofa zimechukua viwanja vyake. Sidai ghorofa zisijengwe. Mji unaokua lazima ubomoe. Ninachodai ni kwamba kinachobomolewa kipigwe picha na kiandikwe kabla ya nyundo kufika, maana waliotutangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama kuna mtu anayeona karatasi za nyumbani ni takataka, na atazame historia ya uhuru wetu ilivyobadilishwa na karatasi za familia moja ya Kariakoo. Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, aliandika habari za maisha yake kabla ya kufariki mwaka 1949. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alizitumia kuandika sura kuhusu babu yake katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe mwaka 1973. Kisha Mohamed Said, kwa kutumia nyaraka za ukoo huo na masimulizi ya wazee, alitoa mwaka 1998 kitabu cha maisha ya Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, aliyekuwa msimamizi wa soko la Kariakoo katika miaka ya 1950. Wasomaji wengi walikutana humo na watu wa mitaani waliochangia kuasisiwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954 na ambao historia rasmi ilikuwa imewapita kimya. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na hitimisho la mwandishi, na wengi wamebishana naye hadharani. Lakini mabishano hayo yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na karatasi za kubishania. Familia ngapi za mitaa ya Swahili, Sikukuu, Livingstone na Msimbazi zina sanduku kama lile na hazijui thamani yake?

Na yapo ya kusikitisha zaidi, ya wale ambao hakuna aliyewaandika kabisa. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, eneo ambalo sasa ni soko la Kariakoo likawa kambi ya wapagazi waliobeba risasi na unga wa majeshi yao dhidi ya Wajerumani. Sanamu ya Askari kwenye Barabara ya Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi ya kuwasifu askari na wapagazi, na haina jina la mpagazi hata mmoja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Miaka mia moja baadaye hakuna awezaye kuyarudisha majina hayo yote, hata awe na fedha kiasi gani. Waliokuwa na kalamu waliandika kilichowahusu wao. Madereva wa 1966 wako katika hatari hiyo hiyo, na tofauti ni moja tu: baadhi yao bado wako hai. Aliyeshika usukani akiwa na miaka 25 sasa amevuka 80.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya Serikali. Tuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, tuna Makumbusho, tuna sheria. Kwa nini raia ajitwishe? Naiheshimu kazi ya taasisi hizo, na pasipo hizo tungekuwa maskini zaidi. Lakini kazi yao ina mipaka iliyowekwa na sheria zenyewe. Sheria ya nyaraka ya mwaka 2002 inahusu hasa kumbukumbu za umma, yaani zile zilizotoka katika ofisi za Serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, wakati ambapo Dar es Salaam yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanzishwa na Sultani Majid. Kariakoo yote ni changa mno kwa kipimo hicho, na inabidi Waziri atangaze ndipo kitu kipate ulinzi. Stakabadhi ya duka, tiketi ya basi, picha ya harusi iliyopigwa mbele ya kituo cha Fire na sauti ya konda mstaafu havina ofisa aliyeagizwa kuvitafuta.

Tena tunao mfano kwamba wananchi wakiongozwa vizuri wanaweza. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko waliichora mitaa yao wenyewe, nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro, wakaiweka kwenye ramani ya bure ambayo dunia nzima inaitumia. Kazi hiyo ilikuwa na wafadhili, na tusijidanganye kwamba haikugharimu. Lakini ujuzi wa wapi maji yanapita ulitoka kwa mkazi wa mtaa. Ujuzi wa nani alikuwa na duka kwenye kona ipi nao uko kwake. Hata Marekani, ambako barabara maarufu ya Route 66 ilifutwa rasmi kwenye mtandao wa barabara kuu mwaka 1985, wakazi wa miji midogo ya Arizona ndio walioanza kwa kuunda chama chao mwaka 1987; sheria ya Bunge la nchi hiyo ya kusaidia kuihifadhi ilikuja mwaka 1999, nyuma yao kwa miaka 12.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nami sitaki kuipuuza: vitu vya kidijitali navyo hufa. Simu huibwa, diski huharibika, tovuti isiyolipiwa ada hufungwa, na kilichokuwa humo hupotea chote kwa mara moja. Ni kweli. Lakini karatasi nayo inakufa, na katika mji huu tunajua vizuri inavyokufa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia katika nyumba za Jangwani hadi madirishani, na usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliwaka katika soko la Kariakoo, jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975. Kitu kilichoko mahali pamoja tu hakina usalama, kiwe cha wino au cha umeme. Kinga ni nakala nyingi mahali mbalimbali: moja kwa familia, moja katika kata, moja Maktaba Kuu ya Taifa, ambayo ni mwendo mfupi kutoka Kariakoo, na moja nje ya mji. Karatasi moja ya ukoo haiwezi kulala katika nyumba nne usiku mmoja; nakala yake ya kidijitali inaweza, kwa gharama ndogo.

Kwa atakayehofia uongo na kutia chumvi katika masimulizi, jibu ni fupi. Mzee mmoja atajipa sifa asizostahili na mwingine atasahau. Basi kila simulizi liandikwe ni la nani, limechukuliwa lini na nani aliuliza, na linalopingwa liwekwe pamoja na lipingalo. Kuhusu siri za watu inabidi tuwe wakali. Hati za nyumba na mirathi za Kariakoo zinaweza kuchochea kesi, na viwanja vya hapa vina thamani ya kutosha kugombanisha ndugu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka msingi. Juu yake tuongeze kanuni yetu kwamba hakuna kitu kinachowekwa wazi bila ridhaa ya mwenyewe, na kwamba anayo haki ya kusema kifungwe kwa miaka anayotaka au kitolewe kabisa. Hifadhi itakayowaibia wazee siri zao itakufa kwa kukosa wa kuiamini, na itastahili.

Kazi yenyewe, basi, ianze kwa udogo. Serikali za mitaa za Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Kisutu zina ofisi, zina wajumbe wanaojua mzee yupi anaishi wapi na yupi alihamia Mbagala kwa mwanawe. Chuo cha Teknolojia cha Dar es Salaam (DIT), ambacho kiko kando ya barabara yenyewe, kina vijana wanaoweza kutengeneza programu na kuskani picha bila kuziharibu. Vilabu vya Simba na Yanga, vyenye makao yao katika mitaa hii, vina wanachama wakongwe waliosafiri na timu zao kwa njia hii tangu enzi za mabasi mabovu. Majina ya zamani yawekwe bega kwa bega na ya sasa, ili barua inayotaja Kichwele imfikishe msomaji Mtaa wa Uhuru, na inayotaja New Street imfikishe Lumumba. Ninyi wenye masanduku, msisubiri mradi: geuzeni picha, andikeni nyuma yake kwa penseli majina ya waliomo, mahali na mwaka, leo hii wakati yupo wa kuwataja. Nanyi vijana, simu mnayorekodia harusi inatosha kumrekodi babu kwa saa moja. Mwulizeni alianza kazi na gari gani, nani alimfundisha, alilala wapi njiani, na nani hakurudi. Ikipatikana kata moja iliyo tayari, kazi ianze hapo na wazee wa malori, bila kungoja kata nyingine zikubaliane.