Jiko la Bibi, Jasho la Fundi, Kiki ya Staa

Kuna staa mmoja wa Dar, jina kapuni, anatamba mtandaoni na jiko la pampu la miaka ya 1950. Shaba inang'aa kama pete ya ndoa, moto wa bluu, sufuria ya supu inachemka pembeni ya bwawa la kuogelea. Chini kaandika kwamba kalifufua kwa mikono yake mwenyewe. Pongezi kibao!

Wanaolijua jiko hilo wanacheka kwa uchungu.

Lilitoka uvunguni mwa kitanda cha bibi mmoja wa Ngokolo, Shinyanga. Lilipika maandazi uani, maandazi yakasomesha watoto. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, mafuta yakawa ghali, jiko likalala. Staa alipopita huko kwenye shoo akalinunua kwa bei ya chuma chakavu. Kwa kilo, jamani!

Kisha likapelekwa kwa fundi wa Katoro, Geita, anayetengeneza pampu za kutolea maji kwenye maduara ya wachimbaji. Huyo ndiye aliyefanya kazi. Alijaza upepo kwenye tangi, akalizamisha kwenye beseni la maji aone mapovu yanatokea wapi, akaziba tundu kwa lehemu. Akakata washa mpya ya ngozi, akailowesha mafuta ili ilainike na kushika hewa. Akazibua kijitundu cha kichomeo kwa sindano nyembamba kuliko ya cherehani. Hapo ndipo roho ya jiko ilipo: mafuta yanapata moto mpaka yanakuwa mvuke, yanachomoka kwa kasi, yanachanganyika na hewa, yanawaka bila masizi. Ni akili ya Mswidi Frans Wilhelm Lindqvist, tangu mwaka 1892.

Kwenye posti, fundi hayupo. Bibi hayupo.

Mashabiki watasema fundi si kalipwa, anataka nini tena? Hela ya kazi ni kitu kimoja, sifa ya kazi ni kingine. Staa huyohuyo alilia mwezi mzima wimbo wake ulipotumika kwenye tangazo bila kutajwa. Kumbe jina lina thamani likiwa la kwake tu?

Na kuna hatari. Shabiki akiamini kazi yote ni kung'arisha shaba, atawasha jiko linalovuja. Akiweka petroli badala ya mafuta ya taa, hilo si jiko tena, ni bomu.

Dawa ni rahisi: amtaje fundi, wateja wamfuate Katoro. Amrudie bibi na bahasha, maana mizani ya chuma chakavu haijui bei ya jiko linalowaka. Kusugua shaba kwa limao na majivu hata mtoto anaweza.

Haya wadau, staa yuko sahihi au kachemka kuliko supu yake? Dondosha maoni hapo chini.