Eti hawajui kwao!

Haya wadau, leo sina picha wala stori za maboksi. Kuna jambo linanikera.

Jumamosi tulikuwa kwenye ubatizo, Wabongo watupu, pilau tele, na kama kawaida maneno yakawageukia Wamarekani weusi. "Hawa jamaa hawajui kwao," akasema kaka mmoja, "na hata kutafuta hawataki." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa hiyo msinione nimejifanya mtakatifu.

Lakini mwezi uliopita nilimpeleka jirani yangu, mama mtu mzima, kwenye idara ya nyaraka za jimbo hapa Columbia, South Carolina. Anamtafuta babu wa babu yake. Vyeti vya kuzaliwa? Jimbo lilianza kuandikisha watoto wote mwaka 1915. Sensa ya 1890 karibu yote iliteketea baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Akarudi hadi ile ya 1870, ya kwanza baada ya utumwa kufutwa. Mzee akaonekana, jina kamili, mkulima. Mama akapiga kigelegele mle ndani, tukakodolewa macho.

Alipotaka kurudi nyuma zaidi ndipo tulipokwama. Mwaka 1860 jimbo hili lilikuwa na watumwa zaidi ya 400,000. Sensa yao ilikuwa na daftari la peke yake. Limeandikwa jina la bwana, halafu chini yake: umri, jinsia, rangi. Mwanamume, 22, mweusi. Mwanamke, 30, mweusi. Basi! Ukitaka jina ukapekue mirathi ya bwana, ambamo mtu kaorodheshwa na bei yake pamoja na ng'ombe na vitanda. Na mirathi huipati mpaka umjue bwana, wakati wengi walipokuwa huru hawakuchukua jina la bwana yule wa mwisho.

Mama huyu ana madaftari manne aliyoyajaza kwa mkono. Alianza 1998. Huyo ndiye asiyetaka kutafuta?

Wewe kaka wa pilau, jina la babu wa babu yako ulitajiwa na shangazi ukiwa umekaa kwenye mkeka. Ulitoka jasho gani?

Sasa anasoma mikataba ya kazi ambayo watu walioachwa huru waliwekeana na wenye mashamba kuanzia 1865. Mle majina yapo, ya pande zote mbili. Wiki ijayo tunarudi. Kaka, gari lina nafasi.